Kwa nini wazee wamekunja uso katika picha? Habari za kamera na jua katika nchi ya shaba

Katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi imo bahasha au albamu ya picha za zamani. Zifungueni mkazitazame. Babu amesimama wima mbele ya nyumba ya kambi, amevaa suti, mkono mmoja ameuweka juu ya baiskeli. Bibi ameketi kitini, mtoto yupo magotini. Nguo ni nzuri, viatu vinang'aa, lakini tazameni nyuso! Paji limekunjamana, macho yamefinywa hata hayaonekani, na chini ya nyusi kuna weusi kama wa shimo. Watoto wakiiona picha huuliza: Je, babu alikuwa mkali hivi? Alimkasirikia nani siku ile?

Babu hakumkasirikia mtu. Alikuwa akitazama jua.

Jambo hili laonekana dogo, lakini lina historia yake, na kila kijana aanzaye kupiga picha za watu nje ya nyumba, kwa kamera au kwa simu, yafaa aijue. Maana lile lililowakunja wazee uso bado latendeka kila Jumapili mbele ya makanisa yetu, ingawa sababu yake imekwisha toweka zamani.

Tuanze mbali kidogo. Ufundi wa picha ulitangazwa huko Paris mwaka 1839, na mwenye kuuvumbua aliitwa Daguerre. Picha zake zilikaa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Naam, shaba! Siku zile mtu alikaa mbele ya kamera bila kutikisika kwa muda mrefu, pengine dakika nzima, na mafundi waliweka chuma nyuma ya shingo yake ili kichwa kisicheze. Kucheka hakukuwezekana, maana ni nani awezaye kushika kicheko dakika nzima? Baadaye dawa za picha zikawa nyepesi kupokea mwanga, na mafundi wa Ulaya wakajenga vyumba vyenye paa la kioo lililoelekea kaskazini. Kwa nini kaskazini? Kwa sababu huko kwao jua halipiti upande ule, basi uso wa mtu uliangazwa na anga peke yake, mwanga mpana na wa upole. Angalieni vizuri: hata katika nchi ambazo jua lake ni hafifu, mafundi waliojua kazi yao walilikimbia jua lenyewe, wakatafuta mwanga wa anga.

Sasa, hiyo desturi ya kumgeuza mtu alitazame jua ilitoka wapi? Ilitoka kwa kamera ndogo za watu wote. Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alianza kuuza kamera yake ya Kodak, na mwaka 1900 akatoa nyingine ya rahisi zaidi, Brownie, iliyouzwa kwa dola 1 tu. Ilikuwa kisanduku chenye lenzi duni na tundu dogo la kupitishia mwanga. Kivulini haikuona kitu. Basi karatasi za maelezo zikawaambia wanunuzi: jua liwe mgongoni mwako, au juu ya bega lako. Kanuni hii ilienea duniani kote, baba akamfundisha mwana, nayo ikafika Katanga mikononi mwa wahandisi, makarani na wamisionari. Ilitungwa kwa ajili ya kisanduku kile. Haikufikiri hata kidogo habari za yule aliyesimama mbele yake, ambaye jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha, lazima limpige yeye machoni.

Huko Ulaya hasara haikuwa kubwa sana, kwa kuwa jua lao huenda chini chini sehemu kubwa ya mwaka. Huku kwetu ni habari nyingine. Kolwezi iko kusini ya ikweta, karibu na nyuzi 11, juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,400 na zaidi. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Februari na tarehe 21 Oktoba, jua la adhuhuri husimama sawasawa juu ya utosi, na mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Jua la namna hiyo huangaza paji na pua, na mashimo ya macho huyaacha gizani. Basi mtu wa Kolwezi aliyepigwa picha kwa kanuni ya Brownie alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: alitazame jua akakunja uso, au ainamishe kichwa akapoteza macho. Twaona katika albamu zetu kwamba wengi walipata yote mawili.

Lakini kamera ya kwanza huku haikuletwa na watu wa kutaka ukumbusho wa nyumbani. Ilikuja pamoja na waliokuja kuipima nchi. Desemba 1891 mfalme Msiri aliuawa huko Bunkeya na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold II. Mwaka 1892 Jules Cornet, mjuzi wa mawe, alipita akiandika habari za shaba. Kisha kati ya mwaka 1898 na 1900 Charles Lemaire, mwanajeshi Mbelgiji, aliongoza msafara wa elimu katika Katanga, na pamoja naye walikuwako mchoraji Léon Dardenne na mpiga picha François Michel. Walichora na kupiga picha milima, mito, vijiji na watu. Kazi hiyo ilipelekwa Ubelgiji, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren karibu na Brussels.

Zaidi ya miaka 100 ilipita. Mwaka 2011 Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alikwenda Tervuren akazitoa picha za msafara ule, akaziweka juu ya michoro ya rangi ya Dardenne. Katika hizo, moja ina jina la mtu: Kalamata, chifu wa Warua. (Urua ndivyo wafanya biashara wa pwani walivyoiita nchi ya Waluba wa Katanga.) Nyingine yaitwa Mwanamke Mrua, basi. Wote wawili wametazamwa na lenzi za msafara mmoja. Mmoja amepewa jina, mwingine kabila tu. Sitasema kwamba François Michel alikuwa mtu mbaya. Alifanya alilotumwa. Lakini hizo zilikuwa picha zilizochukuliwa, si picha zilizoombwa, na tofauti ya mambo haya mawili ndiyo habari kubwa ya picha katika nchi yetu.

Picha zilizoombwa zilikuja na watu wa kazi. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa huko. Watu wakaja kutoka Kasai, Rodesia ya Kaskazini, na Ruanda-Urundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikaona ni afadhali mfanya kazi akae na mke wake na watoto wake, kuliko kubadilisha wanaume kila baada ya miezi michache. Hapo ndipo kambi zikawa na jamaa, na jamaa walio mbali na kwao hutaka kutuma habari. Barua husema "sisi wazima". Picha huonyesha uzima wenyewe, pamoja na baiskeli. Kolwezi ilipoanzishwa mwaka 1937 ili kuwa makao ya machimbo ya magharibi, desturi hiyo ilikuwa imekwisha zoeleka.

Nani aliwapiga watu hawa picha? Wengi walikuwa mafundi wa kutembea, na majina yao tumeyapoteza. Mmoja twamjua vizuri, ingawa hakuwa wa Katanga: Antoine Freitas, mzaliwa wa Angola, aliyefanya kazi Léopoldville na kuzunguka vijijini. Picha moja ya mwaka 1939 yamwonyesha Kasai, katika kijiji cha Bena Mulumba, akiwa na sanduku lake la picha na watu wa kijiji wamemzunguka. Wazee wetu waliokuja machimboni kutoka Kasai waliwajua mafundi wa namna hii.

Kazi ya sanduku lile ni ya ajabu, na yafaa ielezwe. Lilikuwa la mbao, lenzi mbele, miguu mitatu chini. Ndani yake mlikuwa na vyombo viwili vya dawa. Fundi alitia mkono ndani kwa kupitia kipande cha nguo nyeusi, kama mkono wa shati, ili mwanga usiingie. Alifungua lenzi, akahesabu, akaifunga. Kwanza alipata negativu juu ya karatasi, weupe umekuwa weusi na weusi umekuwa weupe. Akaibandika mbele ya lenzi, akaipiga picha yenyewe, na safari hii mambo yakageuka yakawa sawa. Kwa dakika chache mteja alishika picha yake mkononi, ingali na maji. Hakuna umeme, hakuna chumba cha giza, hakuna kupeleka filamu mjini.

Karatasi ile ilikuwa nzito kupokea mwanga, ikataka sekunde nzima au zaidi. Nanyi mwajua, hakuna mtu awezaye kulitazama jua sekunde mbili bila kupepesa macho. Basi fundi wa sanduku aliyemweka mteja juani alipata macho yenye ukungu, na mteja akakataa kulipa. Njaa ni mwalimu mzuri! Mwenye akili alitundika kitambaa ukutani upande wa kivuli, akamweka mtu wake hapo, uso umeelekea mahali peupe penye anga. Pasipo kusoma kitabu alikuwa amerudia ufundi wa paa la kioo la Ulaya.

Huko Bamako, mwaka 1948, Seydou Keïta alifungua studio yake, na picha zake sasa hutundikwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Alitumia kamera kubwa ya mbao, akapiga picha uani kwake kwa mwanga wa mchana, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Wateja walitaka picha safi kwa bei ndogo, kwa hiyo kwa kawaida alipiga mara moja tu. Tazameni picha zake kama mwaweza kuzipata: nyuso zimetulia, ngozi nyeusi inang'aa, macho yamefunguka. Hakuwa na jua mgongoni.

Kwa hiyo katika Afrika palikuwa na shule mbili za picha ya nje. Moja ni ya karatasi ya maelezo ya Brownie, iliyoenea kwa wenye kamera zao: maofisa, makarani, mapadre na waalimu. Nyingine ni ya mafundi wa kutembea na wa uani, waliokula kwa kazi hiyo. Ni ajabu na ni masikitiko kwamba kanuni iliyorithiwa na watu wengi ni ile ya kwanza. Labda ni kwa sababu ilikuwa imeandikwa.

Hapo sharti tuongeze jambo jingine, ambalo si kosa la jua. Sahani na karatasi za picha za zamani zilikuwa kama kipofu kwa rangi nyekundu. Ngozi ya Mwafrika ina wekundu mwingi ndani ya weusi wake, nao huo ulipotea wote, hata mtu wa rangi ya kahawia akatoka kama makaa. Filamu zilizoona rangi zote zilienea kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1920 na 1930. Zilipokuja filamu za rangi, maabara zilipima usahihi wake kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi mbalimbali haikuja mpaka miaka ya 1990. Basi kijana akiona katika albamu shangazi yake hana uso, ana shanga na meno tu, asiseme fundi alikuwa mjinga. Vifaa vilitengenezwa na watu waliofikiri nyuso nyingine.

Na simu za leo je? Zimeendelea sana, lakini tabia moja imebaki. Kamera haijui inatazama nini. Hukusanya mwanga wote ulio mbele yake, ikautafuta wastani wake. Bwana arusi mweusi, shati jeupe, ukuta mweupe wa kanisa, anga jeupe nyuma: kamera yasema, "mwanga umezidi," na hupunguza, na uso wa bwana arusi huzama gizani. Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, gusa uso katika kioo cha simu kabla ya kupiga, ili kamera ipime uso na kuacha ukuta. Ukiona bado ni mweusi, sogeza alama ya mwanga juu kidogo. Ya pili ni bora zaidi: usimweke mbele ya ukuta mweupe. Mtafutie nyuma yenye rangi tulivu. Ukuta wa matofali ya kuchoma wafaa sana, na Katanga ina matofali mazuri, mengine ya udongo wa vichuguu. Ua wa majani wafaa. Mlango ulio wazi wafaa kupita vyote: mtu asimame kizingitini, uso umetazama nje, na giza la chumba liwe nyuma yake. Uso utaangazwa na anga, na hakuna kingine kitakachoshindana nao. Baraza, au barza kama wengi wasemavyo huku, hufanya kazi hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye arusi, maana hapo ndipo wengi hujaribiwa. Misa imekwisha, ni karibu adhuhuri, watu wote wametoka nje, vigelegele vimepigwa, na kila mwenye simu ataka picha palepale kwenye ngazi. Ni saa mbaya kuliko zote. Mwenye kupiga picha na aende kanisani jana yake, atazame kivuli kinaangukia wapi. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na ukuta wenye kimo cha mita 6 hutupa upande wa kusini kivuli cha mita 4 hivi hata adhuhuri. Bwana na bibi arusi, wasimamizi na watoto wote huenea humo. Mwezi wa Desemba jua limehamia kusini kidogo, nao ukuta uleule hutoa upande wa kaskazini kivuli cha mita 1 na theluthi tu. Wawili watasimama, wasimamizi wataungua. Mwishoni mwa Februari na Oktoba ukuta hautoi kitu, afadhali mwembe. Lakini chini ya mwembe msiwaweke katikati ambako madoa ya jua yanapita kwenye majani yakawafanya kama chui. Wawekeni ukingoni mwa kivuli, wakitazama nje.

Ikiwa hapana kivuli kabisa, mgeuze mtu ili jua liwe nyuma yake au kando yake. Ndiyo, kinyume cha kanuni ya babu. Kisha umpe mtoto mmoja shuka jeupe alishike mbele, chini ya kifua cha anayepigwa picha, nje ya picha: mwanga utaruka kutoka kwenye shuka ukaingia machoni. Udongo wetu mwekundu nao hurusha mwanga, ila huongeza wekundu wake usoni. Na ikiwa mzee hataki kugeuka, kwa sababu alizoea hivyo, mwambie afumbe macho, uhesabu tatu, afumbue, nawe upige papo hapo kabla hajakunja uso. Jasho la paji lipanguswe kwanza kwa kitambaa. Juani jasho hung'aa kama bati.

Majira nayo yana neno lake. Wakati wa mvua, mawingu meupe hutanda kama shuka kubwa juu ya nchi yote, na mtu aweza kupiga picha mahali popote, hata uwanjani. Wengi huziweka kamera zao wakisema leo hakuna jua. Wanakosea! Wakati wa kiangazi, mwezi wa Agosti na Septemba, moshi wa mioto ya porini hulegeza jua, na jioni hutoa mwanga wa rangi ya asali. Ila jioni ya huku si ndefu: jua likiisha kuzama, hubaki kama dakika 20 na ushei.

Na umbali. Lenzi ya simu ni pana, na ukimsogelea mtu sana pua yake hukua na masikio hukimbilia nyuma. Rudi hatua tatu, uvute picha karibu kidogo. Kamera iwe kwenye kimo cha macho yake, au chini kidogo ya hapo. Wapiga picha wa zamani wenye Rolleiflex, kamera iliyotoka Ujerumani mwaka 1929, waliishika kifuani wakiinama kutazama kioo chake kwa juu, na kwa sababu hiyo watu wao huonekana warefu na wenye heshima. Watoto hupigwa kwa kuchuchumaa. Tazama pia nyuma ya kichwa: katika Kolwezi, mji wa nguzo za umeme, ni rahisi kumwotesha mtu mlingoti juu ya kofia.

Umeme huo wenyewe una historia. Mabwawa ya Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba yalianza kazi katika miaka ya 1950, na nguvu zake zilikwenda kwanza kwenye mitambo ya shaba. Kampuni ilikuwa na wapiga picha wake, waliopiga picha mitambo, mashimo, hospitali na wafanya kazi. Na tangu mwaka 1957 kulikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikawa Gécamines, na rundo la picha hizo likabaki. Ndizo alizozitumia Baloji mwaka 2006 katika kazi aliyoiita Mémoire: watu wa kazi wa zamani, wametazama kamera, amewasimamisha upya mbele ya mitambo iliyokufa ya leo. Wengi wao hawana majina.

Ulimwengu wa nje uliijua Kolwezi kwa nyuso gani? Mwezi wa Mei 1978, vita vilipofika mjini, magazeti ya Ulaya yalijaa maiti zake. Kisha ukawa kimya, mpaka kobalti ilipopata bei. Tangu hapo wameingia wapiga picha wengi kutafuta wachimbaji wa mikono: tope, magunia, mtoto amebeba jiwe. Baadhi ya picha hizo zimesaidia kuonyesha dhuluma, na hilo tusilikatae. Lakini mchimbaji mwenyewe mara nyingi haioni picha yake, na chini yake huandikwa "mchimbaji, Kolwezi", kama ilivyoandikwa "Mwanamke Mrua" siku za Lemaire. Na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, huenda katika betri za simu. Basi simu inayompiga picha pengine imebeba udongo alioutoa yeye. Baloji alipopiga picha kambi za wachimbaji karibu na Kolwezi kati ya mwaka 2009 na 2012, alitazama pia picha walizozitundika wenyewe katika vibanda vyao: mabango ya miji mizuri, maua na majumba. Kumbe walio ndani ya tope wana macho yao pia.

Kwa hiyo kijana anayejifunza hana haja ya kwenda machimboni kutafuta uso. Hata sheria itamsumbua. Kupiga picha kwenye machimbo, madaraja, viwanja vya ndege na nyumba za serikali pasipo ruhusa kumewaingiza wengi katika matata. Aanze na mama yake mlangoni. Amwombe, asimvizie. Ampe nafasi ya kubadili kitenge akitaka, maana ni uso wake, naye ndiye ajuaye aonekane vipi. Hapo ndipo wazee wetu walikuwa na haki iliyo kubwa kuliko wasafiri wote wenye kamera nzuri: walivaa suti, walichagua baiskeli, waliomba wapigwe. Uso uliokunjwa na jua hauwezi kuwanyang'anya hilo, lakini ni hasara kwamba wajukuu hawayaoni macho yao.

Na picha zilizopo ni chache kuliko tudhanivyo. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wengi wao wamezaliwa hapa, na wakalala majuma mengi kwenye stesheni wakingoja treni. Katika safari ya namna ile mtu hubeba sufuria na mtoto. Karatasi huloa, huungua, huachwa. Simu nazo huibwa, huanguka majini, hufa pamoja na picha 3,000 zilizomo.

Basi picha moja kati ya nyingi na ichapwe kwenye karatasi, ya sentimita 10 kwa 15 inatosha. Nyuma yake paandikwe jina kamili la kila mtu kuanzia kushoto, mahali, na tarehe, na jina la aliyeipiga. Pasiandikwe "shangazi" tu, kwa kuwa kila mtu ana shangazi. Tumieni penseli laini bila kukandamiza: wino wa kalamu hupenya karatasi baada ya miaka ukatokea upande wa uso.